Dawa ilomfaa jirani yaweza kukudhuru wewe

Hapa Mombasa tuna mazoea, mtu akiumwa jirani anamtolea vidonge vilobaki kabatini, "meza hivi, mimi vilinisaidia". Nia yake njema kabisa. Ila mimi mfamasia nikisikia hivyo moyo unanidunda, kwa sababu mwili wa jirani si mwili wako, na hapa sisemi uzito wala umri, nasema jeni, zile ulorithi kwa mama na baba.

Tuchukue G6PD. Hii ni enzaimu, yaani protini mwili unayoitengeneza kwa maagizo ya jeni, inayolinda chembe nyekundu za damu, na huku pwani wako wengi wamezaliwa nayo kidogo, maana malaria imekaa nasi karne na karne na upungufu huo wanasayansi wanaona unampa mtu kinga kiasi. Siku zote yuko fiti, anacheza mpira, hajui lolote. Siku akipewa primakwini ya malaria, au nitrofurantoini ya UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), chembe zinaanza kupasuka, macho yanakuwa manjano, mkojo unatoka mweusi kama kahawa tungu, nguvu zinamuisha. Na dozi ni ileile alomeza nduguye na nduguye hakupata kitu! Lapdap, dawa ya malaria ilotengenezwa kwa ajili ya Afrika, iliondolewa sokoni 2008 kwa sababu hii hii.

Kodeini nayo, ya maumivu, ini ndilo linaigeuza kuwa mofini, na hiyo mofini ndiyo inayotuliza maumivu, ila ikizidi inazima pumzi. Kuna watu ini lao linageuza haraka mno, mtoto wa hivyo anaweza kuacha kupumua, ndio maana tunasema wa chini ya miaka 12 asipewe. Wengine haigeuki, amemeza na maumivu yako palepale halafu anaambiwa anadeka, na hilo linaniuma sana kwa kweli.

Kipimo cha G6PD kipo, ni cha damu tu, kiulizie kabla hujaanza primakwini. Na daktari akikuuliza habari za familia usiishie upande wa baba, jeni ya G6PD iko kwenye kromosomu X na mtoto wa kiume anaipata kwa mamake, kwa hivyo kama wewe ni mwanamume, mjomba aliyewahi kukojoa mweusi baada ya kumeza dawa ana maana kuliko ami. Mtaje huyo mjomba, na kama pakiti ya ile dawa bado iko nyumbani njoo nayo.