Mzee hakujenga kwa mshahara, na wewe hutajenga kwa kuacha bando

Shikamooni wazee wangu. Naanza na heshima kwa sababu baada ya hapa nitawapinga. Na nyie vijana msishangilie mapema, zamu yenu ipo.

Kauli yenyewe mnaijua: "Sisi tulijenga kwa mshahara wa elfu mbili. Nyie mnalipwa laki nane, zote zinaishia kwenye bando na chipsi." Kazi yangu ni kusoma slipu za mshahara na maombi ya mikopo katika SACCOS, chama cha akiba na mikopo, ya wafanyakazi hapa Dar es Salaam, na kauli hii hunifikia kila mzazi anapoombwa kumdhamini mwanawe. Kwa kawaida natabasamu na kuendelea na fomu. Leo natoa kikokotoo.

Tuanze na hiyo laki nane, maana watu wanaitaja kana kwamba inafika mfukoni. Sekta binafsi: toa mchango wa pensheni wa NSSF asilimia 10, ni 80,000. Inabaki 720,000 ya kutozwa kodi. PAYE, yaani kodi ya mshahara, ni 20,000 kwa ngazi ya chini, na asilimia 20 ya kile kinachozidi 520,000, yaani 40,000 nyingine. Jumla 60,000. Halafu Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu: asilimia 15 ya mshahara wa msingi tangu sheria ibadilishwe 2016, zamani ilikuwa 8. Hapo ni 120,000. Kijana anaondoka na 540,000. Wa serikalini mfuko wake wa pensheni, PSSSF, unamkata 5 tu, lakini bima ya afya inachukua 3, kwa hiyo wanakaribiana mno.

Angalia makato makubwa kuliko yote hapo ni lipi. Ni deni la chuo, linalozidi kodi ya serikali mara mbili. Mzee aliyemaliza Mlimani kabla ya uchangiaji wa gharama kuingia miaka ya 1990 hakuwa na mstari huo kwenye slipu yake. Alisomeshwa, akapangiwa kazi, na wengi wakapewa nyumba ya kazini au posho yake. Simlaumu, ndivyo mpango ulivyokuwa. Ila asiniletee mshahara ghafi wa mwanawe akaulinganisha na mkononi mwake yeye.

Bando sasa. Tuseme kijana anabana 40,000 kila mwezi: bando, soda, michango ya harusi za watu asiowajua vizuri. Kwa mwaka ni 480,000. Kiwanja cha milioni 10 kitamchukua karibu miaka 21, endapo bei itamsubiri, na haitamsubiri. Abane, sikatai, lakini tusiite huo ndio mpango.

Kinachommaliza hasa ni kodi ya pango, tena si kiasi chake bali namna inavyodaiwa. Chumba chenye choo ndani cha 150,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita, dalali anataka mwezi mmoja. Ni 1,050,000 kwa mkupuo, karibu mishahara miwili ya mkononi. Hapo ndipo anapokopa. Akikopa kwetu, sawa. Akienda kausha damu wa mtaani, anachukua laki anarudisha laki na thelathini ndani ya siku thelathini, wakati ukomo uliowekwa na Benki Kuu kwa taasisi ndogo za mikopo zisizopokea amana ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Na programu za simu zinazokopesha bila leseni, Benki Kuu ilizifungia 69 kwa wakati mmoja Novemba 2024. Maombi mengi ya "kujiendeleza" yanayopita mezani kwangu ni kodi ya nyumba iliyovaa suti.

Mkopo wa nyumba wa benki tuupite haraka, hauna cha kutuchelewesha. Milioni 60, riba asilimia 16, miaka 20: rejesho ni kama 835,000 kwa mwezi. Linazidi mshahara wake kabla hata ya makato. Tumemaliza.

Sasa sehemu inayonikera, na hapa nitakaa.

Mzee hakujenga kwa mshahara. Hakuna aliyejenga kwa mshahara wa katikati ya miaka ya 1980. Mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 30 kwa mwaka, na mishahara haikuufuata. Mwalimu, karani, hata bwana shamba waliishi kwa kuku wa mayai, ng'ombe wawili wa maziwa uani, bustani ya mchicha, maandazi ya mama. Waliokuwepo wanalijua hili kuliko mimi, lakini wakikaa kuwahutubia watoto wanasahau kuku wanakumbuka slipu. Vijana nanyi mnaamini kwamba mishahara ya zamani ilikuwa na nguvu kubwa. Wapi! Watu walipanga foleni ya sukari, saruji ilitoka kwa kibali, na ukikipata kibali unaambiwa saruji yenyewe imekwisha.

Kilichowasaidia kilikuwa kingine. Kwanza ardhi. Mpaka Sheria ya Ardhi ya 1999, kisheria ardhi tupu haikuwa na thamani. Ulilipia maendelezo yaliyo juu yake. Mtu aliomba kiwanja, akagawiwa, akalipa ada. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa miaka ya 1970 kwenye mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Sensa ya 1978 ilikuta Dar es Salaam ina watu wapatao 843,000. Sensa ya 2022 imekuta milioni 5.38. Kiwanja cha Sinza ni kilekile, waliokizunguka ndio wameongezeka zaidi ya mara sita. Pili, aliyepata mkopo Benki ya Nyumba kabla haijafilisika 1995, riba ilikuwa chini ya mfumuko wa bei, kwa hiyo deni liliyeyuka lenyewe huku nyumba ikibaki.

Tatu ni tofali. Hapa wazee walikuwa na akili sana, ila wamebaki na jibu wakasahau swali.

Ukiweka shilingi 1,000 kwenye droo wakati bei zinapanda asilimia 30 kila mwaka, baada ya miaka mitatu inanunua vitu vya shilingi 455. Benki nayo haikuwa na nafuu kubwa. Mwenye busara aligeuza fedha kuwa kitu siku ileile aliyoipata. Saruji haikai, baada ya miezi mitatu inaanza kupoteza nguvu, kwa hiyo wakafyatua tofali, wakazipanga uani. Tofali ilikuwa akaunti ya akiba isiyoliwa na mfumuko. Ujenzi wa polepole, msingi mwaka huu, kuta mwaka wa tatu, bati Mungu akijalia, ulikuwa uamuzi sahihi wa kifedha kwa wakati ule.

Tangu 2018 wastani wa mfumuko wa bei kwa mwaka umekuwa kati ya asilimia 3 na 4 na ushei. Hatifungani ya serikali, yaani fedha unayoikopesha serikali kwa riba, ya miaka 25 iliyotoka 2021 ilibeba riba ya 15.95. Mwaka uliofuata riba hiyo ilishushwa hadi 12.56, na bado inaupita mfumuko kwa mbali. Kiwango cha chini cha kununua ni milioni moja. Asiye nayo anaanza na vipande vya UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Chukua asilimia 10 tu kwa tahadhari: 100,000 kila mwezi kwa miaka mitano inakuwa kama milioni 7.7, wakati aliyoweka ni milioni 6. Laki hiyohiyo ikienda kwenye tofali na msingi, baada ya miaka mitano una milioni 6 zilizosimama kwenye majani, na kodi ya pango umeendelea kulipa miezi yote 60. Pagala halipunguzi kodi hata shilingi moja.

Tena pagala linaliwa. Kuta zilizoachwa bila lenta zinapokea mvua kutoka juu, udongo wa kuunganishia unalegea kozi za mwisho. Nondo zilizoachwa zikichungulia nje zinashika kutu, na zisiposhika kutu zinashikwa na vibaka. Mbao za kenchi zilizonunuliwa mapema zinapinda. Tofali zenyewe, kama ulinunua za kufyatuliwa 45 kwa mfuko mmoja bila kumwagiliwa maji wiki nzima, ukizikwaruza kwa msumari zinamwagika kama unga wa sembe. Tofali ya nchi sita inayoeleweka ni 25 hadi 30 kwa mfuko.

Kwa hiyo ninapomwona kijana ana msingi wa vyumba vinne na sebule mbili kwa mshahara wa 540,000, najua ushauri umetoka wapi. Ramani ni ya mzee, ya familia ya watoto saba na wageni kutoka kijijini. Ninachopendekeza ni kidogo kinachokalika: chumba kimoja na choo, mita 4 kwa 5 kwa nje, kikae nyuma ya kiwanja ili nyumba kubwa ije mbele siku yake. Pamoja na msingi wa tofali za kulaza ni kama tofali 900, mifuko 33 ya kufyatulia, bati 16 za mita 3 kwa paa la mgongo mmoja. Plasta ya ndani, ya nje itasubiri. Shimo la choo lisiwe la kuungaunga. Fedha ya kazi hiyo ikusanyike kwanza mahali inapozaa, ujenzi uanze ikiwa imetimia, umalizike ndani ya miezi mitatu, minne. Siku unayohamia, 150,000 inarudi kwako kila mwezi. Hakuna kuacha bando kunakofikia hapo.

Kabla ya hapo kuna kiwanja, na mhuri wa serikali ya mtaa si hati. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi kwa namba ya kiwanja na kitalu kabla ya kutoa hata fedha ya kishika uchumba. Eneo lisilopimwa halina cha kupekuliwa, na hapo ndipo mtu mmoja anapouziwa na wawili wanapodai.

Sasa niseme na yale yanayoitia doa hesabu yangu. Ardhi huishinda hatifungani pale barabara au daraja linapofika: waliokuwa na viwanja Kibada kabla ya Daraja la Kigamboni kufunguliwa 2016 hawahitaji somo langu. Hesabu ya milioni 7.7 haina mstari wa kiwanja kinachopanda bei wewe ukisubiri, kwa hiyo kiwanja kwanza, akiba ya kujengea baadaye. Na hata hapo nakisia. Shaka ya pili ni kubwa zaidi. Fedha ina masikio. Ikijulikana una milioni nne UTT, kuna msiba, kuna ada ya mpwa, kuna shangazi anafanyiwa upasuaji, na vipande vinauzwa kwa siku chache tu. Tofali hakuna anayekuja kuzikopa. Ninaowashauri waache tofali wakaweke akiba, wapo wanaoishia bila tofali na bila akiba, na mbele ya hao mzee ana haki ya kunicheka. Kitabu kinasema nidhamu. Kitabu hakina shangazi.

Upande wa wazee kuna upofu mwingine: wasiojenga hawapo kwenye mjadala. Aliyestaafu akiwa mpangaji Manzese, aliyepunguzwa kazi miaka ya 1990 akarudi kijijini, hao hawahutubii mtu kwenye sherehe. Tunawasikiliza waliofanikiwa tu, kisha tunaita tunachosikia historia ya kizazi kizima.

Mzazi mwenye nyumba mjini anayetaka kweli kusaidia ana kitu chenye uzito kuliko hotuba na kuliko saini ya udhamini: banda la uani. Mwachie mtoto miaka miwili bila kodi, kwa sharti kwamba 150,000 iende SACCOS kila mwezi kwa makato ya mwajiri, isipite mkononi mwake. Ni 3,600,000. Kwa SACCOS inayokopesha mara tatu ya akiba, ana haki ya kuomba hadi 10,800,000, ila rejesho libane ndani ya sheria ya kubakiza theluthi moja ya mshahara. Bodi ya Mikopo nayo inahesabiwa humo, jambo ambalo waombaji wengi hulisahau, ndiyo maana mkopo wanaoupata huwa mdogo kuliko waliouota. Andikeni makubaliano hata ya ukurasa mmoja, ndugu wengine wayaone, la sivyo banda hilo litazua kesi ya mirathi.

Na kijana ambaye wazazi wake wako Sumbawanga? Kwa huyo banda halipo, na hao ndio wengi. Ninachoweza kumwambia ni abishane na mwenye nyumba alipe miezi mitatu mitatu hata kwa kuongezewa 10,000 kwa mwezi. Kwa miezi sita ni 60,000 zaidi, lakini siku ya kuingia anatoa 640,000 pamoja na dalali badala ya 1,050,000. Pengo la 410,000 akilikopa kwa kausha damu wa asilimia 30, riba ya mwezi wa kwanza pekee ni 123,000.