4294967295, namba iliyobeba tasa zote tano za Fermat
Vijana wangu wa tuisheni hapa Ngamiani, Tanga, wakishaielewa tofauti ya miraba miwili (mraba wa a ukitoa mraba wa b ni a ukitoa b, mara a ukiongeza b) huwa nawapa hii namba waivunje bila kalkuleta. Wengi wanaona inaishia na 5 wanagawa kwa 5, wanajaribu 3 inakubali, afu wanakwama. Kumbe ni 2 kipeo cha 32 ukitoa 1, na 2 kipeo cha 32 ni mraba wa 65536, basi unaikata inakuwa 65535 mara 65537, hiyo 65535 nayo unaikata unapata 255 mara 257, 255 ni 15 mara 17, na 15 kila mtu anaijua. Kwisha kazi: 3 × 5 × 17 × 257 × 65537, zote tasa na hakuna iliyojirudia.

Sasa utamu uko hapa. Hizo tano ndo namba tasa za Fermat zote zinazojulikana mpaka leo, hakuna nyingine. Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliona ukiipa 2 kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16 ukaongeza 1 unapata tasa, akaamini ukiendelea kuzidisha kipeo mara mbili itakuwa hivyohivyo milele. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha inayofuata tu, 4294967297, inagawanyika kwa 641. Iangalie vizuri hiyo namba, ni yetu ukiongeza 2! Mi kila nikiifundisha hapa nasisimka. Na wala huhitaji kujaribu tasa zote, maana kigawo tasa cha namba ile ukikigawa kwa 64 lazima kibaki 1, kwa hiyo unajaribu 193, 257, 449, 577, ukifika 641 imekubali, jibu 6700417.

Haya, tasa hizo zinaingia pia kwenye kuchora: chukua bikari na rula (ya kunyooshea mistari tu, si kupimia) kwenye mkebe wako. Pembetatu yenye pande sawa na pembe sawa unachora, pembetano ya hivyo pia, ila ya pande 7 huwezi kabisa, ya 9 nayo huwezi. Mwaka 1796 mwanahisabati Gauss, kijana wa miaka 18, aligundua ya pande 17 inawezekana, na 1837 mwanahisabati mwingine, Wantzel, akafunga mjadala: idadi ya pande ikiwa witiri, lazima iwe tasa ya Fermat au zao la tasa za Fermat tofautitofauti. Ndo maana 9 imekataa, ni 3 mara 3, imejirudia.

Kwa hiyo maumbo yote ya pande witiri tunayojua yanachoreka, idadi za pande zake ni vigawo vya 4294967295. Toa 1, vinabaki 31, kikubwa kuliko vyote ni yenyewe. Ili ipatikane kubwa zaidi lazima itokee tasa ya sita. Kuanzia ile ya Euler, namba 28 mfululizo za Fermat zimeshathibitishwa si tasa, na inayofuata, ambayo bado haijajulikana, ina tarakimu zaidi ya bilioni 2.5.