Helikopta ya rimoti si toi: uongo tunaodanganyana kuhusu bima na leseni

Kila wikendi huku Kisumu lazima usikie kitu kinanguruma juu ya tenti, kama si harusi ni matanga, na chini kuna kijana wa kupiga video ameshika rimoti shingo imepinda. Muulize kama ana bima. Atacheka, "Si ni toi tu, omera?"

Basi tuanzie hapo. Watu wanaamini sheria ni ya zile droni za propela nne na helikopta ya rimoti imeponyoka. Kanuni za 2020 hazijali umbo, iwe na propela moja, nne ama mabawa, bora inaongozwa kutoka chini na unaifanyia biashara, hiyo ni ndege, iko chini ya KCAA, ile mamlaka ya usafiri wa anga, na lazima isajiliwe. Na tukisema ukweli helikopta ndiyo mbaya zaidi, panga la kaboni la ile kubwa linazunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika, nimeliona likikata tawi la mwarobaini kama sukuma wiki.

"Lakini si Bunge lilifuta hiyo sheria?" Lilifuta kanuni za 2017. Hizi zingine zilikuja Machi 2020. Twende mbele.

Sasa bima, maana hapa ndipo wengi wanaumia. Binamu yangu alikuwa na bima ya studio yake, amelipia mwaka mzima, akajua amekavawa kila kitu. Siku ya matanga fulani Siaya upepo wa mchana ukatoka upande wa ziwa, helikopta ikayumba, ikashuka juu ya kioo cha mbele cha Probox ya mgeni. Shukuru Mungu hakukuwa na mtu ndani. Alipopeleka kleimu akaonyeshwa mstari mmoja huko nyuma kwa maandishi madogo, unaosema chochote kinachoruka hakimo. Mistari kama hiyo iko kwa bima nyingi za biashara, soma yako leo. Pia kuna ile bima ya mashine yenyewe, inakurudishia helikopta ikivunjika ama ikizama ziwani, lakini haimlipi mwenye gari wala mtoto aliyekatwa kidole. Hiyo ni kazi ya thadi pati, yaani bima ya kumlipa mtu mwingine uliyemuumiza ama kumharibia mali, na ukifanya biashara thadi pati si hiari.

Halafu kuna wale wa "nitachukua bima kwanza, leseni nitatafuta nikipata pesa." Hapo umefunga mkokoteni mbele ya punda. Siku ya ajali maswali ya kwanza ni nani alikuwa na rimoti na leseni yake ya urubani iko wapi, mashine imesajiliwa namba gani, kampuni ina cheti cha kurusha kibiashara ama haina. Ukikosa moja tu umewapa watu wa bima sababu ya kutokulipa, na premiamu yako, ile pesa uliyolipia bima, wamekula.

Lingine ni "mwenye boma ameniruhusu." Boma ni lake, anga si lake. Bila kibali huruhusiwi kupanda juu kupita futi 400, ama kukaribia watu na majengo yasiyo chini ya usimamizi wako kwa chini ya mita 50, ama kuruka ndani ya kilomita 10 za uwanja mkubwa wa ndege. Hiyo ya mwisho chukua ramani ya Kisumu uchore duara kutoka uwanja wa ndege, Milimani imo, Kondele imo, Dunga na wale samaki wake imo! Yaani harusi karibu zote za mjini zinahitaji kibali maalum, na bado usiku nao una kibali chake.

Watu wa Nakuru msicheke. Ukisimama Lake View nje ya fensi ya hifadhi ya Ziwa Nakuru ukarusha ndani kupiga picha za flamingo, KWS, wale wa wanyamapori, hawataki kujua miguu yako ilikuwa wapi. Na Lanet kuna kambi ya jeshi, huko hata usijaribu bahati.

Kwa hivyo kabla umpe mteja bei, mwambie ajenti akuandikie namba ya usajili ya mashine, jina la rubani na aina ya kazi ndani ya mkataba wa bima wenyewe, si kwa WhatsApp. Binamu yangu alikuwa na ahadi ya mdomo, na kile kioo cha Probox bado anakilipa polepole kwa M-Pesa.