Sindano ya ndevu: uso ukiwasha, moyo ukiingia shaka

Dada mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, alinijia amejifunika mtandio mpaka puani. Alikuwa anaondolewa ndevu za kidevuni kwa umeme, njia iitwayo elektrolisisi. Maswali yake nayajibu hapa kwa ridhaa yake, maana wengi wanayo na wanaona haya kuuliza.

Uso umevimba na unawasha. Nimeunguzwa?

Mara nyingi hapana. Sindano nyembamba sana huingizwa kwenye kitundu cha unywele, umeme ukapita na kuua mzizi. Huua kwa joto, au kwa kostiki, ileile ya watengeneza sabuni, ambayo mkondo wa umeme huizalisha kutokana na maji na chumvi za mwili. Kwa hiyo ngozi hujiponya kama palipo na jeraha dogo. Kwetu weusi wekundu hauonekani vizuri. Utaona weusi uliozidi, na utahisi joto. Hupoa baada ya saa chache, au siku mbili tatu. Vikitokea vigaga vidogo, usivibandue. Ukivibandua ndipo doa linapobaki.

Nipake liwa?

Liwa naipenda, lakini subiri. Siku mbili za mwanzo weka kitambaa safi chenye maji baridi, basi. Poda, manukato na limau kaa navyo mbali. Kuogelea Raskazone nako kungoje, na jua likwepe kwa mwavuli hata kukiwa na mawingu. Doa jeusi likibaki, tafadhali, usikimbilie mkorogo: mingine ina zebaki, nayo hudhuru figo. Madoa mengi hufifia yenyewe, ila huchukua miezi.

Nimekwenda mara nne na ndevu zinaota tena. Nimetapeliwa?

Swali hili ndilo lililomtoa machozi. Nywele huota kwa zamu: nyingine zinakua, nyingine zimelala chini ya ngozi. Unazoziona leo kidevuni huenda jana zilikuwa zimelala. Tena mzizi mkaidi huhitaji kurudiwa. Ndiyo maana uso huchukua mwaka mzima au zaidi. Njia yenyewe si ya kubahatisha. Daktari wa macho Charles Michel wa Marekani aliieleza mwaka 1875, alipoitumia kwa kope zinazochoma jicho. Katikati ya miadi usizing'oe kwa kibanio wala uzi. Kata kwa mkasi.

Shaka yako ielekeze kwingine: je, unywele unateleza wenyewe ukitolewa, au unauma kama unang'olewa? Ukiuma hivyo kila mara, mzizi haujafa. Je, sindano imefunguliwa mpya mbele yako? Kama sivyo, ondoka, kwa sababu homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupita kwenye sindano zilizotumika. Na ngozi ikianza kubonyea vishimo, usirudi kwa mtu huyo.

Lini niende hospitali?

Ukiona usaha, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au homa, nenda Bombo au kituo kilicho karibu. Kama kwenu makovu huvimba, sema kabla ya kuanza, ujaribiwe sehemu ndogo kwanza na kusubiri wiki kadhaa.

Huyu dada nilimuuliza pia kuhusu hedhi. Inaruka miezi. Ndevu pamoja na hedhi ya namna hiyo huashiria homoni, mara nyingi ovari zenye vifuko vingi, na bila kutibu hilo nywele mpya zitazidi kuota. Ndevu zikija kwa kasi na sauti ikawa nzito, usingoje hata wiki. Yeye nimemwandikia barua ya kliniki ya wanawake, na sindano ataendelea nayo.