Niliwahi kupata homa ya ini B. Naweza kumpa kaka yangu kipande cha ini?

Swali: Kaka yangu ini limechoka kabisa, na hospitali ya India tuliyompeleka inataka ndugu wa kumchangia. Nimepima, nikaambiwa niliwahi kuambukizwa homa ya ini B. Ndiyo basi tena?

Jibu: Hapana, usikate tamaa. Chukua karatasi ya majibu utazame vipimo viwili. HBsAg, yaani kipimo cha protini ya ganda la kirusi, ikiwa chanya, kirusi bado kimo mwilini na hutachangia. HBsAg ikiwa hasi lakini anti-HBc, yaani kingamwili ambazo mwili hutengeneza ukiambukizwa kirusi chenyewe, ikawa chanya, uliwahi kuambukizwa na mwili ukakidhibiti. Chanjo peke yake haiwezi kuleta anti-HBc chanya. Watu wazima wa kwetu wenye alama hii ni wengi, kwa sababu chanjo iliingia kwenye ratiba ya watoto Kenya mwaka 2001 na Tanzania 2002, sisi tukiwa tumeshakua. Kukataa kila ini lenye alama hiyo ni kuwafungia mlango wagonjwa ambao wangeweza kupona.

Swali: Kama nilishapona, madaktari wanahofia nini?

Jibu: Homa hii hata ikipona, kirusi hakiondoki chote. Vinasaba vyake hubaki vimejificha ndani ya kiini cha seli za ini, na kinga yako ndiyo inayovizuia visiamke. Ini hilo likihamia kwa kaka yako, linaingia kwenye mwili ambao kinga yake inashushwa kwa dawa makusudi, ili usilikatae ini geni. Mlinzi hayupo tena. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997 ulikuta kwamba kati ya watu 23 waliopandikizwa maini ya namna hii, 18 walipata homa ya ini B. Hofu ya madaktari haikutoka hewani.

Swali: Sasa mbona siku hizi wanakubali?

Jibu: Kwa sababu ya vidonge. Ilianza lamivudini, baadaye zikaja entekaviri na tenofoviri, ambazo kirusi hupata shida zaidi kuzizoea. Mpokeaji akinywa dawa kila siku, wanaopata homa hiyo ni wachache sana. Hatari pia inategemea mpokeaji mwenyewe. Kama kaka yako tayari ana homa ya ini B, dawa hizo angezinywa hata kama ini lingetoka kwa mtu mwingine, kwa hiyo ini lako halimwongezei mzigo mkubwa. Kama ana kinga iliyotokana na maambukizi ya zamani, hatari yake ni ndogo. Anayehitaji uangalizi mkubwa kuliko wote ni yule ambaye hajawahi kukutana na kirusi hiki wala kuchanjwa. Chanjo kabla ya upasuaji inafaa, ingawa mwili wa mtu mwenye ini bovu mara nyingi huitikia kidogo.

Swali: Atakunywa dawa mpaka lini?

Jibu: Kwa kawaida, maisha yake yote. Hapa nawasihi sana wanafamilia, maana mgonjwa akirudi nyumbani, akanenepa, akaanza kutembea, kidonge huonekana hakina kazi. Kinayo. Kabla hamjaondoka India, hakikisheni barua ya hospitali imeandika wazi kwamba ini lilitoka kwa mtu mwenye anti-HBc, ili daktari wa nyumbani asije akaisimamisha dawa kwa kutojua. Entekaviri inywewe tumbo likiwa tupu: saa mbili baada ya kula, na saa mbili kabla ya mlo unaofuata.

Swali: Na mimi mchangiaji je?

Jibu: Watakupima kwanza kuona kama homa ya zamani iliacha makovu kwenye ini. Yakiwapo, hutakatwa. Likiwa zima, sehemu inayobaki itakua tena. Lakini uchangie usichangie, siku ukiandikiwa dawa za saratani au dawa yoyote ya kushusha kinga, mwambie daktari kabla ya kuanza kwamba una anti-HBc. Kirusi kinaweza kuamka hata ndani yako.