Bundi mwekundu wa Sokoke si dume

Jana tena. Tumechutama kichakani, bundi wawili wamekaa bega kwa bega kwenye kijitawi, mmoja rangi ya kutu, mwenzake kijivu. Mgeni wangu ananong'ona: "Mume na mke hao. Mwekundu ndiye dume." Kauli hii nimeisikia mno katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, hata kwa watu wenye darubini nzuri, na imenichosha.

Bundi huyu, Otus ireneae, ana rangi tatu: kijivu, kahawia iliyokolea na nyekundu ya kutu. Rangi hizo hazihusiani na jinsia wala umri. Ni kama ndugu wa tumbo moja, huyu maji ya kunde, yule mweusi tititi. Nimewakuta wawili wekundu wamegandana, na wawili wa kijivu vilevile. Hao nao tuseme ni madume kwa madume? Ukiandika "dume" daftarini kwa sababu ya wekundu tu, umeandika jambo usiloliona.

Anayenisumbua mimi ni wa kahawia. Katika kivuli kizito cha miti ya Cynometra, jua likishainama, kahawia na kijivu hukaribiana, na ziko kurasa za daftari langu ninazozitilia shaka mpaka leo. Siku hizi mwanga ukiwa hafifu naandika "bundi mmoja", basi.

Mtafute penye udongo mwekundu, si kwenye mchanga mweupe wa miti ya mirihi (Brachystegia). Ana gramu 50 hivi, macho ya manjano, vishungi viwili vya manyoya kichwani. Chakula chake ni wadudu, kwa hiyo habari za uchuro tuziache. Usiku tega sikio: huyu hupiga miluzi mfululizo, kwa mwendo ule ule, kama fundi anayegonga bati mbali. Bundi mdogo mwingine wa jamii yake, Otus senegalensis, hutoa "prrr" moja, akanyamaza sekunde kadhaa, ndipo akarudia.

Na tafadhali, usimsogelee. Akiogopa hujinyoosha kama kigogo kikavu, vishungi juu, macho yakabaki mistari miwili. Ndivyo walivyokuwa jana, na bado mgeni alitaka nitikise tawi ili "jike" ageuke. Nilikataa. Tukarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka yule wa kijivu akalaza vishungi vyake.