Kimulimuli, ile taa ya kupepesa ya juu ya gari, kinapataje ule mwanga mkali wakati betri ni volti 12 tu?

Simama usiku maeneo ya njia panda ya KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), barabara ya Moshi–Arusha, uangalie ndege inaposhuka. Kuna taa nyekundu inapepesa taratibu halafu kuna nyeupe kwenye ncha za mabawa zinapiga pa! pa! mpaka unakunja uso, na ndege yenyewe bado iko mbali huko. Wengi wanadhani ni balbu kubwa tu ina swichi inayoiwasha na kuizima. Kiukweli balbu ya waya haiiwezi hiyo kazi, ule waya unachelewa kupata moto na unachelewa kupoa, ukiukimbiza unaishia kuhemahema tu.

Zile za kizamani za kuzunguka, kama za juu ya magreda na magari ya breakdown, hazina maajabu. Taa humo ndani haizimi kabisa, kuna kioo kilichopinda kinazungushwa na kimota kidogo, kikikuelekea unaona mwanga, kikipita unaona giza.

Utamu uko kwenye zile za kupiga kwa kushtua. Ndani kuna kimrija cha kioo chenye gesi inaitwa zenoni, huku na huku kuna ncha za chuma. Gesi hiyo ikiwa imetulia haipitishi umeme, volti 12 za betri hata zikeshe hapo hazipiti. Kwa hiyo saketi inapandisha umeme mpaka kama volti 300 au 400 na kuuhifadhi kwenye kapasita, kidogo kidogo, na hata huo bado haupiti. Sasa kuna waya wa tatu umezungushwa nje ya kimrija, huo unapigwa mshtuko wa volti maelfu kwa kufumba na kufumbua, gesi inapasuliwa, njia inafunguka, na kapasita inamwaga kila kitu ilichonacho ndani ya milisekunde moja (sehemu ya elfu ya sekunde) au pungufu. Gesi inapata joto kali sana na kutoa mwanga mweupe unaokaribia wa mchana. Halafu giza, inaanza kujaza tena.

Waliokulia migombani wanaujua mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, maji yanakusanywa kwenye kabwawa usiku kucha yakija kidogo kidogo, asubuhi mnafungua na yanafika shamba la mbali kwa nguvu ambayo ule mfereji wenyewe haujawahi kuwa nayo. Maji ni yaleyale, muda ndo umebadilika. Piga hesabu: umejaza kwa wati 10 kwa sekunde moja, hizo ni jouli 10 za nishati, ukizimwaga kwa milisekunde moja ni wati 10,000! Jicho halizioni zote hivyo maana linajumlisha mwanga wa kama sehemu ya kumi ya sekunde, vinginevyo tungekoma, ila kitu kinachobadilika ghafla linakidaka hata kikiwa pembeni.

Teknolojia hii aliiendeleza sana injinia Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1930, akawa anapiga nayo picha za vitu vinavyokwenda kasi, na baadaye hadi risasi ikitoboa tufaha. Fleshi za kamera ni mambo hayohayo, ule mlio mwembamba wa wiiii mnaousikia kwa wapiga picha wa harusi ni umeme unapandishwa kujaza kapasita.

Siku hizi vimulimuli vingi ni LED, vile vitaa vidogo vya kielektroniki (na wenye navyo kwenye gari binafsi mnajua wenyewe mnavyowakwepa trafiki). Humo hakuna gesi wala volti 400, LED inawaka na kuzima papo hapo, na kwa sababu inapata muda wa kupoa inaweza kusukumiwa umeme mwingi kuliko ingewaka mfululizo, ndo maana zinapiga ta-ta-ta harakaharaka kisha zinanyamaza kidogo.

Ukifungua kimulimuli ukakuta vidoti vya njano, hiyo ni LED. Ukikuta kimrija cha kioo usiingize kidole, kapasita inaweza kubaki na chaji hata betri ikishachomolewa, mwite fundi aitoe hiyo chaji kwanza.